Windows Media Player Ikigoma Kurudi

Windows Media Player haina faili la kupakua. Hilo ndilo la kwanza kulijua kabla hujanunua bando, na wengi hawaambiwi. Mara ya mwisho Microsoft kuitoa programu hii kama kifurushi cha kupakua na kubofya ilikuwa toleo la 11, mwaka 2006, kwa wenye Windows XP. Toleo la 12 lilikuja na Windows 7 mwaka 2009 likiwa ndani ya mfumo wenyewe, na ndilo hilohilo lililomo kwenye Windows 10 na 11. Kwa hiyo ukikuta mtandaoni faili linalojiita kisakinishi cha toleo la 12, achana nalo. Halikutoka kwa wenye programu, na anayekugawia bure kitu ambacho hakipo ana lake jambo. Kompyuta nyingi zinazofika kwa fundi zikiwa na virusi juu ya ubovu wa mwanzo zimepitia njia hiyo.

Nawaandikia hasa watu wa Magomeni, ile kata ya wilaya ya Kilosa, na majirani zao wa upande wa Mikumi. Huko programu hii bado ina kazi. Mwenye steshenari anachomea CD za kwaya na za kaswida. Kijana anayewekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi anazisikilizia humo kabla hajakabidhi. Mwalimu anaonyeshea video ya somo. Ziko pia programu za zamani za masomo na michezo ambazo huitegemea Media Player kutoa sauti, nayo isipokuwepo zinakaa kimya. Mazingira ya kazi yanafanana: kompyuta ni ya mtumba, intaneti ni haspoti ya simu, umeme hukatika bila hodi. Ukiyashika hayo matatu umeshika sababu nyingi za Media Player kugoma kurudi. Nitakwenda kwa mpangilio wa mfuko: tuanze na yasiyogusa bando, yanayolila yaje baadaye.

Kwanza hakikisha imeondoka kweli. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika wmplayer, kisha Enter. Ikifunguka, haikuondoka. Kilichopotea ni alama yake kwenye menyu, au programu nyingine imejitwalia kazi ya kufungua nyimbo. Bofya wimbo wowote kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda "Open with", kisha "Choose another app", chagua Windows Media Player na uweke alama ya kuikumbuka siku zote. Kazi imeisha. Kwenye Windows 11 angalia na majina: ipo programu mpya iitwayo Media Player, iliyokuja mwaka 2022 kushika nafasi ya Groove Music, na ipo ile ya zamani ambayo sasa imeandikwa "Windows Media Player Legacy". Ni programu mbili tofauti. Watu huondoa moja wakidhani wanaitengeneza nyingine.

Pengine ipo ila haifunguki, au inatoa ujumbe wa "Server execution failed". Hapo pia kuifuta na kuirudisha ni kujichosha. Fungua menyu ya Start, andika cmd, bofya kulia na uchague "Run as administrator". Kwenye kile kidirisha cheusi andika regsvr32 jscript.dll, Enter, halafu regsvr32 vbscript.dll, Enter. Washa kompyuta upya. Kama inafunguka lakini orodha ya nyimbo imevurugika au haijazi, ugonjwa uko kwenye daftari lake la ndani. Funga Media Player, bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta "Windows Media Player Network Sharing Service" na uisimamishe. Kisha bonyeza tena Windows na R, andika %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Media Player, na ufute mafaili utakayoyakuta humo. Nyimbo zako haziguswi; zinabaki kwenye folda zake. Unachofuta ni kumbukumbu ya wapi nyimbo ziko, na programu itaiandika upya ikifunguliwa.

Sasa tuseme kweli haipo. Bonyeza Windows na R, andika optionalfeatures. Litakuja dirisha lenye orodha ya visanduku vidogo. Tafuta "Media Features", bofya kijumlisha kilicho kando yake, na chini yake utaona Windows Media Player. Ikiwa kisanduku kina alama ilhali programu haionekani, ondoa alama, bonyeza OK, washa upya, rudi ukaweke alama, OK, washa upya tena. Hakuna hata kilobaiti moja ya bando inayotumika, kwa sababu ukiizima kwa njia hii mafaili yake hayaondoki. Yanabaki kwenye ghala la Windows, folda ya WinSxS ndani ya diski C. Kwa wenye Windows 7, njia ya kuirudisha ni hiihii, na mara nyingi inatosha.

Nikisema kuwasha upya, namaanisha kuchagua "Restart". Kuzima na kuwasha si kitu kilekile. Tangu Windows 8 kuna utaratibu wa kuwaka haraka ambao, ukibonyeza "Shut down", hauufungi mfumo wote. Sehemu ya ndani inalazwa diskini na kuamshwa kesho yake ikiwa vilevile. Kazi iliyokuwa inasubiri kumaliziwa inaendelea kusubiri. "Restart" ndiyo inayofunga kila kitu. Nimeona watu wakirudia zoezi la visanduku mara nyingi bila mafanikio kwa sababu ya hili tu, na wengine wanamalizia kwa kuzima swichi ya ukutani, jambo ambalo ni baya zaidi. Umeme ukikatika Windows ikiwa katikati ya kuweka au kuondoa kijenzi, ghala linabaki na kazi nusunusu, na kila utakaloagiza baadaye linakataliwa hadi ile ya kwanza imalizike au itenguliwe. Kama umeme ulikukatikia hivyo, anza na "Restart" moja safi, uiache kompyuta ikihangaika hata kama inachukua muda, ndipo ujaribu tena.

Huenda "Media Features" ipo lakini jina la Media Player halimo, au sehemu nzima haionekani. Hapo bonyeza Windows na R, uandike winver, usome toleo lako. Kuna herufi moja ya kutafuta: N. Ikiandikwa "Windows 10 Pro N" au "Home N", umepata jibu, na kisa chake kinaanzia mbali na Kilosa. Tarehe 24 Machi 2004 Tume ya Ulaya iliamua kwamba Microsoft ilitumia vibaya nguvu yake sokoni kwa kuifunga Media Player ndani ya Windows. Ikatozwa faini ya zaidi ya euro milioni 497, na ikaamriwa itoe pia Windows isiyo na programu hiyo. Microsoft ilikata rufaa, na tarehe 17 Septemba 2007 mahakama ikaubariki uamuzi. Kwa amri hiyo matoleo mengi ya Windows yana pacha wake wa N, asiye na Media Player wala vijenzi vya sauti na video vinavyoisaidia.

Pacha huyo anafikaje Magomeni? Mara nyingi kwa mkono wa fundi. Diski ya kuwekea Windows huwa na matoleo mengi pamoja, na kabla kazi haijaanza inaleta orodha: Home, Home N, Education, Education N, Pro, Pro N. Mistari inafuatana na inafanana. Aliye na haraka anabofya wa chini badala ya wa juu, na mashine inawaka vizuri tu. Mwenye mali anakuja kugundua siku anapotaka kucheza video. Dawa yake inaitwa "Media Feature Pack". Kwenye Windows 10 za karibuni nenda Settings, Apps, Optional features, "Add a feature", uitafute kwa jina hilo, uiweke, kisha "Restart". Windows N ikikosa kifurushi hiki, hata kinasa sauti na video ndani ya PowerPoint vinaweza kukusumbua, kwa hiyo hakikupi Media Player peke yake.

Ukurasa huohuo wa Optional features ndio wa kutumia ikiwa Windows yako si N lakini mtu aliiondoa Media Player kupitia Settings. Kwa njia hiyo mafaili huondolewa, na kuyarudisha kunahitaji intaneti. Kwenye baadhi ya matoleo ya Windows 11 ukurasa huo umehamia chini ya System badala ya Apps. Bofya "Add a feature" au "View features", andika Media Player, weka alama, bonyeza Install. Mambo yakiwa sawa, dakika chache zinatosha.

Yasipokuwa sawa, utaona orodha tupu, mstari wa maendeleo usiosogea, au namba ndefu inayoanza na 0x800f. Hapa ndipo mashine za kwetu hukwama kwa sababu ambazo maelezo ya Ulaya na Marekani hayazigusi sana.

Ya kwanza ni apdeti zilizozimwa. Mafundi wengi huizima huduma ya Windows Update siku wanapoweka Windows, na wanafanya hivyo kwa huruma: apdeti zinakula bando usiku kucha. Lakini mlango wa apdeti ndio huohuo Media Player inaoingilia. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta "Windows Update", ifungue, na kwenye "Startup type" kama pameandikwa Disabled weka Manual. Bonyeza Apply, kisha Start. Hakikisha na "Windows Modules Installer" nayo haijawekwa Disabled, maana huyo ndiye mfanyakazi anayebeba vijenzi kuviingiza na kuvitoa ghalani.

Ya pili ni haspoti. Mtandao wa simu ukiwa umewekewa alama ya "Metered connection", Windows hubana matumizi na inaweza kukataa kupakua. Nenda Settings, Network & Internet, Wi-Fi, fungua jina la haspoti yako, uzime alama hiyo kwa muda wa kazi hii tu.

Ya tatu ni saa, na hii naomba uiangalie kwa makini kwa sababu haifanani kabisa na tatizo la Media Player. Kompyuta ya mtumba iliyokaa sana ghalani kabla ya kuuzwa mara nyingi betri yake ndogo ya saa imekufa. Kila ikichomolewa umeme inasahau tarehe, inarudi miaka mingi nyuma. Huduma za Microsoft zinathibitishana na kompyuta yako kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani leo ni mwaka 2015 inaviona vyeti hivyo kuwa havijaanza kazi, na inakataa mawasiliano. Tazama kona ya chini kulia ya skrini. Tarehe ikiwa imepotea, irekebishe na ujaribu tena. Kwenye kompyuta ya mezani betri hiyo kwa kawaida ni ya duara, kama sarafu, imeandikwa CR2032, inapatikana kwenye maduka ya saa na ya vifaa vya umeme. Zima mashine, chomoa waya, fungua ubavu, itoe na uweke mpya ukizingatia upande ule wa zamani ulivyokuwa umelala. Laptopu nyingine nazo zinayo lakini imefichwa ndani na ina waya wake, hiyo mwachie fundi.

Ya nne hujulikana kwa namba yake, 0x800f0954. Hiyo inamaanisha kompyuta imeamriwa kutafuta vijenzi kwenye seva ya ofisi fulani badala ya kwa Microsoft. Kama ni kompyuta ya ofisi, ya shule au ya halmashauri, usiichokonoe. Mwone afisa TEHAMA, amri hiyo aliiweka yeye au mtangulizi wake kwa sababu. Kama ni yako, uliyoinunua mtumba, basi huenda ni amri ya ofisi iliyoimiliki zamani, iliyosahaulika humo. Kwa wenye Pro: Windows na R, gpedit.msc, fungua Computer Configuration, Administrative Templates, System, kisha "Specify settings for optional component installation and component repair". Iweke Enabled, na chini yake uweke alama kwenye mstari unaoruhusu kupakua moja kwa moja kutoka Windows Update. Hiyo itakufikisha, ingawa mashine yenye amri za ofisi ya zamani mimi ningeiwekea Windows mpya kabisa. Hujui ni nini kingine kilichoachwa humo.

Namba nyingine ya kuijua ni 0x800f081f. Hii inasema ghala halina mzigo: mafaili ya chanzo hayakupatikana. Rudi kwenye kidirisha cheusi cha msimamizi. Andika sfc /scannow na uisubiri imalize. Kisha DISM /Online /Cleanup-Image /ScanHealth. Amri hizi mbili hazipakui kitu. Ya pili itakupa moja ya majibu matatu: ghala ni zima, ghala limeharibika ila linatengenezeka, au halitengenezeki. Likitengenezeka, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Hii sasa inachota kutoka mtandaoni, hivyo uwe na bando la kutosha na laptopu iliyojaa chaji. Asilimia zake husimama mahali pamoja kwa muda mrefu, zinaonekana kama zimekufa. Usifunge dirisha. Ikimaliza, rudia sfc, "Restart", halafu urudi kwenye visanduku au Optional features.

Bando likiwa dogo, azima mafaili badala ya kuyapakua. Faili la ISO la Windows 10, yaani diski nzima ya kuwekea Windows iliyofanywa faili moja, lina ukubwa wa kama GB 5 au 6, na fundi yeyote makini wa Kilosa mjini au Morogoro analo kwenye diski yake. Mwambie namba ya toleo uliyoisoma kwenye winver, mfano 22H2, akupe linalolingana. Nenda na flashi ya GB 8 au zaidi, na kabla hujatoka nyumbani iangalie imefomatiwaje: bofya kulia, Properties, soma "File system". Ikiwa FAT32, faili halitaingia hata kama nafasi ni tele, maana FAT32 haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi. Toa kwanza vilivyomo, uifomati kwa NTFS au exFAT. Hili limewarudisha watu njiani mikono mitupu wakiamini flashi zao ni feki.

Nakili ISO kwenye kompyuta, uibofye mara mbili, itafunguka kama diski mpya, tuseme E. Ndani ya folda ya sources kuna install.wim au install.esd. Ikiwa ni wim, andika DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim usome namba ya toleo linalofanana na lako, Pro au Home. Ikiwa namba ni 6, amri itakuwa DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:6 /LimitAccess. Ikiwa ni esd, badilisha install.wim iwe install.esd, na ile wim: inayofuata Source: iwe esd:, ila maneno Get-WimInfo na WimFile yaache yalivyo. Neno la mwisho, LimitAccess, ndilo linaloizuia isikimbilie mtandaoni.

Hiyo nayo ikishindwa, bofya setup.exe iliyomo kwenye hiyo ISO ukiwa ndani ya Windows yako. Kwenye ukurasa wa kwanza wa Windows 10 bofya "Change how Setup downloads updates" na uchague "Not right now", bando lako litapona. Endelea, na utakapoulizwa cha kubakiza chagua "Keep personal files and apps". Chaguo hilo likiwa limefifia, toleo au lugha ya ISO hailingani na ya kompyuta. Simama, tafuta nyingine. Pamoja na ahadi hiyo, nakili kwanza picha na kazi za wateja kwenye diski ya nje. Kazi hii huchukua saa kadhaa kwenye mashine kuukuu, na umeme ukikatika katikati kompyuta ya mezani isiyo na UPS inaweza isiwake tena.

Kuna mashine ambazo hakuna amri kati ya hizi itakayozisaidia. Ni zile zilizowekewa Windows iliyopunguzwa, ile ambayo mtu asiyejulikana ameikata vipande ili iwe nyepesi kwa kompyuta dhaifu. Dalili zake: duka la Microsoft halipo, ukurasa wa Windows Update haupo au haufunguki, orodha ya Optional features ni tupu. Waliokata wamelipunguza hadi ghala lenyewe, na huwezi kutoa ghalani kisichokuwemo. Weka Windows kamili. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 10 kwa kawaida hubeba ufunguo wake ndani ya ubao mama. Ukiweka toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajiamilisha yenyewe ikipata intaneti. Programu za kuvunja leseni hazihitajiki.

Kama mteja amesimama mlangoni na harusi ni kesho, weka VLC kutoka kwa VideoLAN. Ni ya bure, ni ndogo, ina vijenzi vyake yenyewe na inacheza hata kwenye Windows N au iliyokatwa. Haitakuchomea CD ya nyimbo kama Media Player, na ile programu ya zamani ya masomo itabaki bila sauti, lakini video ya sendofu itaonekana.

Media Player ikisharudi, ijaribu kwa wimbo wa MP3 na kwa CD kabla hujamwita mwenye kompyuta. Halafu rudisha alama ya "Metered connection" kwenye haspoti, maana Windows Update uliyoiamsha haitalala tena yenyewe, na bando lililobaki litaisha kabla ya asubuhi.